Waliogombana Majukwaani Wamepatana, Sisi Je?



Mwaka 2010 Jimbo la Nyamagana, hapa Mwanza, lilishuhudia uchaguzi mkali. Bwana Lawrence Masha wa CCM, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alishindwa na Bwana Ezekia Wenje wa CHADEMA. Mwaka 2015 Bwana Masha akajiunga na CHADEMA, chama kile kile kilichomwangusha. Mwaka 2017 akarejea CCM. Na mwaka 2025 Bwana Wenje naye akaingia CCM.

Ng'ambo ya Ziwa mambo yamekuwa hivyo hivyo. Bwana Uhuru Kenyatta na Bwana Raila Odinga walishindania urais wa Kenya mwaka 2013 na 2017, na damu ikamwagika mjini Kisumu. Tarehe 9 Machi 2018 wakapeana mikono, na mwaka 2022 Bwana Kenyatta akampigia debe yule yule aliyekuwa mpinzani wake.

Wengi husikia habari hizi wakacheka, na wengine hutukana. Lakini nia za watu anazijua Mwenyezi Mungu peke yake, wala sisi hatukupewa kazi ya kuzipima. Tena kupatana si kosa. Qur'an Tukufu inawaamuru waaminio wasuluhishe baina ya ndugu zao, na inakataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Basi anayeacha uadui asilaumiwe kwa kuuacha.

Swali letu ni jingine: yale maneno yaliyosemwa wakati wa kampeni yamekwenda wapi?

Tuchukue mfano wa mwaloni. Mvuvi akipitisha mtumbwi wake usiku juu ya wavu wa mwenzake akauchana, asubuhi hawezi kumpa mkono tu akaenda zake. Mkono hutolewa mara moja, lakini wavu hushonwa siku nzima, tundu baada ya tundu. Asiposaidia kuushona, au asipoulipia, mwenye wavu atalala njaa ijapokuwa amesamehe.

Ndivyo ilivyo katika siasa. Kiongozi husimama jukwaani akamwita mwenzake mwizi na msaliti. Wafuasi humsadiki. Wachuuzi wawili wa dagaa pale Kirumba, waliozoea kukopeshana, huacha hata kusalimiana. Shemeji hakanyagi msiba wa shemeji yake. Kisha viongozi wale hupatana, wakaketi meza moja. Lakini nani atakayekwenda Kirumba kuwaambia wale wachuuzi kwamba maneno yale hayakuwa kweli? Na kama yalikuwa kweli, mbona leo yamenyamaziwa?

Mwenyezi Mungu ametuonyesha njia. Katika Sura al-Baqara, baada ya kuwataja wanaoificha haki, anawatoa katika laana wale wanaotubu, wakatengeneza walichoharibu, na wakabainisha wazi. Tazama, ndugu msomaji, mambo hayo ni matatu. Toba ya moyoni haikutosha peke yake. Kilichoharibiwa hadharani hutengenezwa hadharani.

Mfano bora ni Ikrima r.a., mwana wa Abu Jahl. Alimpiga vita Mtume Mtukufu s.a.w. kwa miaka mingi, na Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 Hijria alikimbia kuelekea Yemen. Mkewe, Ummu Hakim r.a., akamwombea amani, naye Mtume s.a.w. akampa bila kumtoza kitu. Lakini Ikrima mwenyewe hakuona msamaha huo kuwa mwisho wa deni lake. Imepokewa ya kuwa aliahidi kutoa katika njia ya Mungu mara mbili ya yote aliyoyatumia kuizuia njia hiyo. Aliyesamehe hakudai malipo, na aliyesamehewa hakukubali kukaa bila kulipa. Huo ndio upatanisho wa kweli.

Basi viongozi wanaopatana wanapaswa kurudi katika viwanja vile vile, na mbele ya watu wale wale waseme: hapa nilimsingizia mwenzangu, nisameheni. Neno hilo ni zito kwa ulimi, lakini bila hilo mapatano yao ni mali yao wawili tu.

Na sisi wafuasi tusijifiche nyuma yao. Kiongozi alisema mara moja, sisi tukalirudia neno sokoni na barazani. Siku ya Hukumu kila mtu atajibu kwa ulimi wake, wala hatapata udhuru kwa kusema alimsikia mheshimiwa. Kama yuko jirani uliyemnunia kwa sababu ya kura, usingoje chama kikupe ruhusa. Nenda leo, ubishe hodi, uanze wewe kutoa salamu.

Mwenyezi Mungu atujalie ndimi zenye kujenga, na atupe nguvu ya kutengeneza tulichokiharibu. Amin.