Je, Msiba Hupewa Alama?

Wako wanaodai kwamba utunzi haufundishwi chuoni. Mtu huzaliwa nao. Rwanda ya kale yawakanusha. Watunzi wa mfalme, walioitwa abasizi, walijifunza kwa kuhifadhi moyoni tungo za waliowatangulia, ambazo Padre Alexis Kagame alizikusanya baadaye.

Shida yetu ni nyingine. Mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Kigali akitunga hadithi juu ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, mwalimu ampe alama gani? Boubacar Boris Diop wa Senegali alifika Rwanda mwaka 1998, akawasikiliza walionusurika, ndipo akatoa riwaya ya Murambi mwaka 2000. Yeye alikuwa mgeni. Mwanafunzi wetu pengine aandika habari za shangazi yake, ambaye hakuulizwa.

Tukisahihisha ngeli twatimiza wajibu (na kazi hiyo ipo, tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi huko mwaka 2017). Lakini tukimwambia kwamba kifo alichokisimulia hakitishi vya kutosha, twamfundisha kukitia chumvi ili afaulu. Twaona afadhali aulizwe kwanza: je, shangazi ameisikia hadithi hii? Idhini yake haitaifanya kuwa nzuri. Ila bila idhini hiyo, isisomwe darasani.