Chanzo na Hatia

Wahenga wametuachia neno kwamba pafukapo moshi pana moto. Neno hilo ni la kweli, ila halisemi moto ni wa nani, wala uliwashwa kwa nia gani. Katika makala hii twapenda kuuliza: je, mtu anayetoka kwenye tokeo akarudi nyuma kukitafuta chanzo chake, ana haki ya kuhukumu?

Swali hili si geni kwa walimu. Mwalimu akikuta insha mbili zenye kosa moja la ajabu, hujua kwamba mwanafunzi mmoja amemwigiza mwenzake. Ni yupi? Karatasi hazisemi. Aghalabu lawama humwangukia yule aliyeshukiwa tangu kabla ya insha kusomwa. Shaka ya awali imeziba pengo la ushahidi, nayo sasa yaitwa ushahidi.

Siku hizi wataalamu wa hewa wamelifanya jambo hilo kuwa hesabu. Mwaka 2009 Japani ilirusha setilaiti iitwayo GOSAT, ambayo huchunguza mwanga wa jua unaorudishwa na ardhi. Kwa kuwa kila gesi humeza mwanga wa namna yake, kiasi chake hujulikana. Lakini setilaiti huiona gesi iliyokwisha kupeperushwa, haioni ilikotoka. Kwa hiyo wataalamu huanza na makisio ya gesi itokayo kila mahali, huyapitisha katika hesabu ya pepo, kisha hulinganisha jibu na vipimo. Palipo na tofauti, makisio hurekebishwa. Hata hivyo, vyanzo vilivyopangika kwa namna mbalimbali vyaweza kuleta vipimo vile vile. Tena mawingu yanapoifunika ardhi, kama yafanyavyo mara nyingi katika nchi zetu za ikweta, vipimo huwa haba, na jibu hubaki karibu na makisio. Yaani, penye mashahidi wachache, dhana ya hakimu huwa ndiyo hukumu.

Tuchukue mfano wa karibu. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzao walieleza kwamba, kwa vipimo vya GOSAT vya miaka 2010 hadi 2016, gesi ya methani itokayo Afrika ya kitropiki ilikuwa imeongezeka, na kwamba sehemu ya ongezeko hilo ilitoka katika kinamasi cha Sudd, Sudani Kusini. Hawakuridhika na shahidi mmoja. Walitazama pia dalili za maji, wakaona kwamba yalikuwa yamezidi. Mimea iozayo chini ya maji pasipo oksijeni huzaa methani, na kinamasi kikipanuka, gesi nayo huzidi.

Je, mkazi wa Sudd ana hatia? La hasha. Maji humfikia kwa Mto Naili, ambao hutoka Ziwa Viktoria kupitia Jinja. Na sehemu ya mvua inyeshayo hapa kwetu Mengo huteremka kwa mfereji wa Nakivubo ikaingia katika ziwa hilo hilo. Tukitaka kumshtaki mtu kwa sababu ya maji hayo, itatupasa kuanza na mawingu.

Lakini hoja hii isiwe kichaka cha kujifichia. Bomba la gesi linalovuja lina mwenyewe, aliyeweza kuliziba akaacha. Lugha yetu imetenga maneno mawili, chanzo na hatia, nasi tusiyachanganye. Chanzo hutafutwa kwa vipimo. Hatia hudai tujue nani alijua, nani aliweza kuzuia, naye alifanya nini. Jambo hili si dogo, maana Makubaliano ya Paris ya 2015 yanazitaka nchi zitoe hesabu ya gesi zake, na nchi isiyo na vipimo vyake yenyewe huhesabiwa kwa makisio ya wengine.

Twaona basi kwamba kurudi kutoka tokeo hadi chanzo ni halali, maadamu anayefanya hivyo aseme wazi dhana aliyoanza nayo na shaka iliyobaki. Wataalamu wa hewa huyaandika makisio yao mahali ambapo msomaji aweza kuyaona na kuyapinga. Walimu wenzetu, mwenye kalamu nyekundu naye afanye vivyo hivyo kabla hajamwita mtoto mwizi.