Je, Kulalamika ni Kukosa Imani?

Usharika wetu ni wa watu wanaosema Kiswahili hapa Marekani. Wengi tulitoka Kongo, tukaishi miaka mingi katika kambi za wakimbizi kabla ya kufika hapa. Mama mmoja kati yetu alimwandikisha mwanawe katika michezo ya kiangazi inayoendeshwa na idara ya bustani za umma ya mji. Mtoto huyo ana kifafa na humeza dawa kila siku. Wasimamizi walipojua, walisema watampokea ikiwa tu mama yake atakaa naye kutwa nzima. Mama hufanya kazi kiwandani, zamu ya asubuhi. Mtoto akabaki nyumbani.

Mama alikuja kwetu wazee wa kanisa kuuliza afanye nini. Tulimwambia asamehe na amwachie Mungu. Tulimkumbusha pia kwamba sisi ni wageni, na mgeni halalamikii chumvi ya mwenyeji. Akanyamaza, na mwaka uliofuata hakujaribu tena. Kiangazi hicho mtoto wa jirani yake, ambaye si wa kanisa letu, naye ana kifafa, akaambiwa maneno yale yale. Hapo ndipo tulipoanza kujiuliza kama ushauri wetu ulikuwa imani au ulikuwa woga.

Hatudharau sababu za kunyamaza. Bwana Yesu alifundisha kugeuza shavu la pili, na mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kushtakiana mbele ya wasioamini. Lakini Wakorintho walikuwa ndugu waliogombania mali yao wenyewe kwa wenyewe. Na shavu hugeuzwa na mwenye shavu. Katika jambo hili aliyeumizwa alikuwa mtoto, nasi tuliokuwa tukisamehe kwa niaba yake hatukuwa tumepoteza kitu.

Tuliporudi kwenye Maandiko tulikuta malalamiko mengi ambayo Mungu hakuyakataa. Katika Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wakuu wote wakidai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki. Katika Matendo 6, wajane wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Watu wao walipong'unika, mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kulisimamia jambo hilo. Na kule Filipi Paulo alipigwa bila hukumu ingawa alikuwa raia wa Rumi. Asubuhi wakuu walitaka aondoke kimya kimya, naye akakataa mpaka waje wenyewe kumtoa. Hakufanya hivyo kwa chuki, kwa maana usiku ule ule alikuwa amembatiza mlinzi wa gereza lake. Tunaamini aliwafikiria waumini wachanga ambao wangebaki katika mji ule baada yake.

Nchi hii nayo ina historia ambayo sisi wageni tumeirithi bila kuilipia. Mwaka 1960 watu weusi wa Memphis walifungua kesi kwa sababu walizuiwa kuingia katika sehemu kubwa ya bustani na viwanja vya mji wao. Mji ulijitetea kwamba mabadiliko yaende polepole ili kulinda amani. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ilikataa utetezi huo, ikaamua kwamba haki zao hazipaswi kucheleweshwa zaidi. Wengi wa watu wale walikuwa watu wa kusali kama sisi. Kama wangeshauriwa na wazee kama sisi, huenda watoto wetu leo wangesimama nje ya uzio.

Sheria ya 1990 inayowalinda watu wenye ulemavu inakataza serikali za miji na majimbo kuwatenga katika huduma zao, pamoja na bustani na michezo. Mji unatakiwa kufanya marekebisho yanayowezekana, kwa mfano kuwafundisha wafanyakazi la kufanya mtoto anapoanguka. Mji wenye wafanyakazi 50 au zaidi lazima uwe na mtu wa kushughulikia mambo haya na utaratibu wa kupokea malalamiko. Anayetaka kupeleka lalamiko serikali kuu huliandikia Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo huku hushughulikia ardhi na mbuga za umma. Hahitaji wakili wala ada. Anaeleza nani alitengwa, wapi, lini na kwa namna gani. Ni kosa kumlipizia kisasi aliyelalamika. Ila kwa kawaida ana siku 180 tu tangu tukio. Siku za yule mama wa kanisa letu zilikwisha wakati sisi tunamwambia anyamaze.

Kwa Mkristo kuna masharti zaidi. Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo inahusu pia barua ya malalamiko, kwa hiyo tusiongeze chumvi. Tuanze kwa kuzungumza na mhusika, kama Mathayo 18 inavyotuongoza tunapokosewa na ndugu. Tusimtukane karani aliyetumwa tu. Na tujichunguze. Tulipokuwa tukiliandaa jambo hili, mama yule alitukumbusha kwa upole kwamba mwanawe aliondolewa pia katika kwaya yetu ya watoto, kwa sababu baadhi yetu walidai kifafa ni pepo. Tulinyamaza kwa aibu. Tumemwomba msamaha mama na mtoto, naye amerudi kwaya. Wazee wawili wamejifunza kumlaza ubavu anapoanguka na kutotia kitu mdomoni mwake.

Lalamiko limepelekwa kwa jina la jirani, kwa maana siku zake zilikuwa bado. Mama wa kanisa letu alikwenda naye, akaeleza yaliyompata. Majibu hayajafika tunapoandika haya. Tunawaombea walio katika idara ile, na tunawaombea watoto hawa wawili kiangazi kijacho. Mshirika mwingine akija kwetu na jambo kama hili, tutasali pamoja naye, kisha tutamsaidia kuandika barua kabla siku hazijapita.