Je, Bei ni Deni?

Miongoni mwa masuala ambayo wapenzi wa mchezo wa besiboli nchini Marekani hawachoki kuyabishania, lipo hili: klabu inapomwajiri mchezaji nyota kwa fedha nyingi mno, je, mchezaji huyo hulipa? Mwanangu, ambaye ameishi Texas kwa miaka mingi, hubishana na rafiki zake juu ya jambo hilo kila majira ya baridi, wakati viwanja vimefungwa na klabu zinatafuta wachezaji. Nimewasikiliza, nikaona kwamba ndani ya swali la michezo limejificha swali la maadili linalotuhusu sote: mtu aliyepokea malipo makubwa anadaiwa nini?

Yafaa kwanza tueleze jinsi bei hizo zilivyozaliwa. Kwa miaka mingi mchezaji wa besiboli alikuwa amefungwa kwa klabu yake. Hata mkataba wake ulipokwisha, hakuwa na ruhusa ya kwenda kwingine. Klabu ndiyo iliyoamua kumbakiza au kumhamisha. Mwaka 1969 Curt Flood wa St. Louis Cardinals alikataa kuhamishiwa Philadelphia, akidai kuwa yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Alishindwa mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 1972. Lakini Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliwapa ushindi wachezaji wengine wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, na mlango ukafunguka. Tangu hapo mchezaji mzoefu aliyemaliza mkataba wake huwa huru kuajiriwa na klabu yoyote imtakayo. Kwa hiyo anayelaani mishahara hiyo akumbuke pia kwamba uhuru ndio ulioileta.

Sasa turudi kwenye ubishi. Upande mmoja husema kwamba nyota hujaza uwanja na kuleta vikombe. Upande wa pili hujibu kwa hoja ambayo wahenga wetu wangeielewa mara moja: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tena, husema, mchezaji hulipwa kwa matendo ya jana, ilhali mwili wake unazeeka kesho.

Kila upande una ushahidi wake. Desemba 2023 klabu ya Los Angeles Dodgers ilimwajiri Shohei Ohtani kwa dola milioni 700 kwa miaka 10, na ikatwaa ubingwa mwaka 2024 na tena mwaka 2025. Kwa upande mwingine, mwanzoni mwa mwaka 2019 Bryce Harper aliihama Washington Nationals na kwenda Philadelphia kwa dola milioni 330, na mwaka huohuo Washington ikawa bingwa bila yeye. Lakini timu hiyohiyo ya Washington ilikuwa na Max Scherzer, aliyeajiriwa mwaka 2015 kwa dola milioni 210! Mtu akitaka kushinda ubishi kwa mifano, hatakosa mfano.

Mchezo wenyewe unaonyesha kwa nini hesabu haikai sawa. Wapigaji 9 hupiga kwa zamu, na nyota hawezi kuchukua zamu ya mwenzake hata timu ikizama. Mrushaji anayeanza mchezo naye kwa kawaida hupumzika siku kadhaa kabla ya kuanza tena, na msimu una michezo 162. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikivishwa pete ya dhahabu.

Hebu tuwatazame watu wawili. Desemba 2000 Alex Rodriguez alitia saini mkataba na Texas Rangers wa dola milioni 252 kwa miaka 10. Kiasi hicho kilikuwa kama bei ambayo mwenye klabu alitoa kuinunua klabu nzima mwaka 1998. Rodriguez alipiga mpira kwa namna ya kustaajabisha: mwaka 2001 aliuvusha ukuta mara 52, mwaka 2002 mara 57, mwaka 2003 mara 47, na mwaka huo akateuliwa mchezaji bora wa ligi yake. Hata hivyo timu yake ilishika mkia katika kundi lake miaka yote 3, na mwaka 2004 ikamhamishia New York. Kisha Februari 2009 akakiri mwenyewe kwamba katika miaka hiyo ya Texas alitumia dawa zilizokatazwa. Alieleza kuwa alibanwa na shinikizo la kuthibitisha kwamba alistahili fedha zile.

Wa pili ni Stephen Strasburg, mrushaji wa Washington. Katika fainali za mwaka 2019 alichaguliwa mchezaji bora. Desemba ya mwaka huo klabu yake ikampa mkataba wa dola milioni 245 kwa miaka 7. Baada ya hapo mwili ulimgomea. Alifanyiwa upasuaji, akarudi, akaumia tena. Tangu atie saini hadi alipostaafu rasmi mwaka 2024 alianza michezo 8 tu.

Nawauliza wanaobishana: katika hawa wawili, nani alilipa? Kwa daftari la takwimu, Rodriguez alilipa na Strasburg hakulipa. Lakini mimi siwezi kuridhika na daftari hilo. Mmoja alitoa idadi, akaficha ukweli. Mwingine hakuwa na cha kutoa, kwa kuwa bega lilikataa.

Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na swali la aina hii lilizuka kila matokeo ya mitihani yalipotoka. Je, mwalimu ambaye darasa lake limeanguka amekula mshahara wa bure? Nilizoea kujibu kwa kuuliza: aliingia darasani? Aliandaa somo? Alisahihisha madaftari? Aliwaambia ukweli wazazi? Akiwa ametimiza hayo, mshahara wake ni halali. Na yule ambaye darasa lake lote limefaulu kwa sababu mtihani ulivuja, mshahara wake una doa hata akipewa zawadi.

Msomaji ataweza kusema kwamba nawahurumia matajiri. Je, mwenye dola milioni 245 adaiwe jitihada tu, sawa na mwalimu wa kijijini? Hapana, sisemi sawa. Mkataba mkubwa huongeza uzito wa wajibu: kuutunza mwili, kusema kweli juu ya maumivu, kuwafundisha vijana wa timu, kutowadharau waliolipa kiingilio. Lakini hauwezi kugeuza wajibu huo kuwa ahadi ya ushindi, maana ushindi haumo mkononi mwa mtu mmoja. Aliyepanga bei ndiye aliyecheza bahati nasibu. Ikimwendea vibaya, hasara ni yake, na mashabiki wana haki ya kumwuliza yeye.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ubishi wa namna hii una madhara. Mtu anayeambiwa kila siku kuwa bei yake ni deni hujiona mdaiwa, na mdaiwa aliyebanwa huweza kushika njia yoyote. Kisa cha Texas kinatuonyesha hivyo. Kosa lilikuwa la Rodriguez mwenyewe, na shinikizo halimtakasi. Lakini kelele za kumtaka mtu awe na thamani ya dola milioni 252 kila jioni hazikumsaidia kuwa mwaminifu.

Basi nikiulizwa kama nyota wa bei kubwa hulipa, nitajibu kwamba klabu na ifanye hesabu yake ya fedha, nayo ni halali. Mchezaji tumuulize kama alifanya kazi yake kwa haki. Akijibu ndiyo, na ikawa kweli, hadaiwi kitu, hata kama kabati la vikombe limebaki tupu.