Shahidi wa Usingizi

Aliyelala hajijui. Twalisema neno hili kila siku bila kulipima, lakini uko ugonjwa mmoja unaoligeuza kuwa swali zito la haki. Ni ule wa kukatika pumzi usingizini. Mtu akishalala misuli ya koo hulegea, njia ya hewa huziba, kifua huhangaika na hewa haipiti. Zikipita sekunde 10 au zaidi ubongo humgutusha, naye huvuta pumzi kwa kishindo kama aliyeibuka majini, kisha huendelea kukoroma. Asubuhi hakumbuki lolote. Anachojua ni uchovu na kichwa kuuma. Mambo hayo yakijirudia kwa miaka, presha hupanda na moyo hudhurika.

Kumtambua anayeshukiwa si kazi ngumu. Mwaka 2008 Dakta Frances Chung wa Toronto, Kanada, na wenzake walitangaza maswali manane ya kuwauliza wanaongoja upasuaji. Je, unakoroma kwa sauti? Unachoka mchana? Kuna aliyekuona ukiacha kupumua usingizini? Una presha? Kisha huangaliwa unene, umri uliopita miaka 50, shingo iliyozidi sentimita 40, na kama ni mwanamume. Shingo hata fundi cherehani wa Mtaa wa Kongo angeweza kuipima.

Swali la tatu ndilo linalonikaa moyoni. Mgonjwa hawezi kulijibu kwa ujuzi wake. Sharti aazime macho ya mwingine. Katika zile nyumba za zamani za Kariakoo, zenye vyumba sita na ukumbi katikati, kuta aghalabu hazikufika paani, na jirani alijua nani anakoroma na nani anakohoa. Ghorofa zimezimeza nyingi. Shahidi aliyebaki ni mke. Naye amefundwa tangu unyagoni kwamba ya chumbani hayatoki nje. Nayaheshimu mafunzo hayo. Walakini siamini kwamba wazee waliyaweka ili mtu akabwe na koo lake mwenyewe huku mwenzake amenyamaza kwa adabu.

Yuko atakayenipinga kwa hoja nzito zaidi. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kanuni za Wilson na Jungner kuhusu kuwapima watu wasiojijua kuwa wagonjwa. Mojawapo yasema viwepo vifaa vya kuthibitisha ugonjwa na kuutibu. Sasa, mashine ya kusukuma hewa puani, ambayo Colin Sullivan wa Australia aliitangaza mwaka 1981, huvaliwa kila usiku, nayo yataka umeme na fedha. Mchukuzi wa mizigo sokoni ataipata wapi? Na dereva wa lori anayepakia Kariakoo jioni akashika njia ya Mbeya usiku, tajiri wake akisikia habari hiyo si atamwachisha kazi? Kwa nini tumwondolee mkate kwa ugonjwa tusioweza kuutibu?

Hoja hiyo nimeifikiria sana, na nusu yake naikubali. Majibu ya maswali yale ni shaka tu. Uthibitisho hutaka kipimo cha usiku mzima. Kwa hiyo ni dhuluma kumpelekea tajiri karatasi ile. Apewe mwenyewe. Lakini kulala ubavu, kupunguza uzito na kuacha pombe havihitaji umeme. Tena mgonjwa akimweleza mtaalamu wa nusukaputi kabla ya kupasuliwa, yule atajua namna ya kumlinda. Na dereva ana haki ya kazi, hana haki ya kusinzia kwenye usukani. Barabarani wamo watoto wa watu. Aombe safari za mchana. Tajiri akikataa, lawama ni yake, tusilitwike swali.

Linabaki jambo la utaratibu, ambalo wengine wataliona dogo. Mara nyingi kliniki humwita mume peke yake, mke akabaki kwenye benchi na mkoba. Swali la tatu huulizwa asiyejua. Ningekuwa mimi ndiye muuguzi, ningemwomba mzee ruhusa, nikafungua mlango nikamkaribisha mama, kabla ya kuandika "hapana".