Mvuvi na Mgeni Ufuoni Shanzu

Ufuo wa Shanzu huko Mombasa, karibu na mkono wa bahari wa Mtwapa, unalisha watu wa aina mbili. Mvuvi anahitaji pa kuegesha ngalawa, kuanika nyavu na kumuuzia samaki mama karanga, mwanamke anayekaanga samaki na kuwauza. Mwenye hoteli anauza utulivu: mchanga safi, usio na harufu ya shombo wala vijana wa kuwasumbua wageni. Hata msimu wao ni mmoja. Kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Machi, bahari hutulia. Ndipo samaki hupatikana na vyumba hujaa.

Mvutano wa kwanza ni wa njia. Hoteli zinapopangana ufuoni, kuta zake hubana vijia vya wanakijiji. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inahesabu ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Lakini aliyekosa pa kupita hanufaiki na mchanga ulio wake kisheria.

Mvutano wa pili ni wa maji yenyewe. Mwaka 1986 serikali ilitenga Hifadhi ya Bahari ya Mombasa: kilomita za mraba 10 zisizovuliwa kabisa, na nyingine 200 hivi zinazoruhusu zana za kienyeji. Waliotega madema ndani ya eneo lililofungwa walilazimika kuhama. Leo wageni hutembezwa humo kwa mashua zenye sakafu ya kioo, na ada ya kiingilio hukusanywa na shirika la wanyamapori, KWS. Hata hivyo, watafiti wamethibitisha kwamba samaki huvuka mpaka wa hifadhi na kuongeza mavuno ya mitego iliyo jirani. Faida ipo, ila humfikia zaidi anayevua karibu na mpaka, ilhali hasara iliwapata wengi.

Mvutano wa tatu ni wa adabu. Mgeni hupita kijijini na vazi la kuogelea mbele ya wazee, au humpiga mvuvi picha bila kumwomba. Naye kijana wa ufuoni humwandama mgeni na vinyago hadi akereke. Kila mmoja humwona mwenzake hana heshima.

Lakini mgeni akikosekana, mvuvi pia huumia. Mwaka 2014, Uingereza ilipowaonya raia wake wasizuru Mombasa, watalii walirudishwa makwao na baadhi ya hoteli zikafungwa. Majiko yaliyofungwa hayanunui samaki.

Kwa hivyo ugomvi hasa si wa mvuvi na mtalii, ambaye hukaa wiki mbili akaenda zake. Ni wa mvuvi na wale wanaochora mipaka na kujenga kuta bila kumshauri. Tangu 2007 kanuni za uvuvi zinawatambua wavuvi kupitia vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU. Ukarimu unaodaiwa kwa mwenyeji unapaswa kuanza kwa kumsikiliza katika vikundi hivyo, kabla ya ukuta kujengwa.