Dawa Nayo Ina Kipimo



Msimu wa kulima hapa Nyololo migongo hutuuma. Jioni tunapita dukani, tunanunua diklofenaki au ibuprofeni, tunameza, na kesho tunameza tena, bila kumwuliza mganga wa zahanati.

Mungu ametupa figo mbili za kuchuja damu. Dawa hizo huweza kupunguza damu inayofika kwenye figo. Hatari huzidi kwa wazee, kwa wenye presha au kisukari, na kwa mtu anayehara au aliyeishiwa maji mwilini. Nazo figo huharibika kimya kimya. Fenasetini, dawa ya maumivu iliyopendwa sana ng'ambo, iliharibu figo za wengi, hata ikaondolewa sokoni Marekani mwaka 1983. Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa juma, na gharama yake ni mzigo kwa ukoo mzima.

Mtume Paulo alipomshauri Timotheo atumie mvinyo kwa ajili ya tumbo, alimwekea kipimo: kidogo (1 Tim. 5:23). Basi tusimeze dawa kwa mazoea, wala tusiache kwa hofu zile tulizoandikiwa hospitali. Twende zahanati, tuseme kweli tumemeza vidonge vingapi. Na jirani mwenye mgongo mbovu tumsaidie kulima, asilazimike kumeza kidonge ndipo ashike jembe.

Bwana atupe hekima na upendo. Amina.